Tupeane uzoefu: kuweka gari levo kambini, wa hema la juu na wa kijumba cha pikapu

Mpanda Mlima
Wakuu, heshima kwenu. Sisi tunaolala juu ya gari adui yetu ni mteremko. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ni nzuri ajabu, lakini uwanja wake ni nyasi zilizoinama, na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 nani atataka kushuka saa nane za usiku kupanga mbao chini ya matairi ili gari likae levo, yaani sawa bila kuinama?

Naanza mimi. Land Cruiser yangu, modeli ya 78, ina karibu mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kila digrii 1 ya mwinamo ni kama sentimita 5 za kuinua. Ubavu kwa ubavu ni nafuu, sentimita 2 na nusu hivi. Kipima mwinamo cha kwenye simu kikisoma digrii 4 kwa urefu, hizo ni sentimita 20, siendi kujenga mnara. Nahamisha gari, natafuta pa nafuu, nageuza pua hadi upande wa kichwa cha kitanda uwe juu, halafu mbao zimalizie. Mwinamo wa ubavuni ndio nisioukubali hata kidogo, maana usiku kucha mnaviringikiana.

Dereva wa Karatu
Mkuu umenena. Mimi nasisitiza muda: fika jua lingalipo. Pale Simba tembo huja kunywa kwenye tangi la maji, si mahali pa kuzungukazunguka na tochi ukitafuta mawe.

Tofali la kuchoma msitumie, linapasuka ghafla likibeba tairi. Beba mbao nene, pana kuliko tairi. Kwenye udongo mweusi wa mbugani mvua ikinyesha, kipande chembamba kinazama na levo yako inakwenda nacho. Mtu mmoja asimame pembeni anapoonekana, dereva apande taratibu kwa gia ya kwanza, avute hendibreki, kisha kabari kwenye matairi yaliyobaki chini. Hapo ndipo watu wapande hemani.

Mama Safari
Kaka, umesahau ngazi! Kwa hema la kukunjua, nusu ya sakafu inaning'inia nje ya gari na ngazi ndiyo nguzo yake. Gari linaweza kuwa levo kabisa, lakini mguu wa ngazi ukizama, sakafu inalegea upande huo. Mimi huweka kipande cha ubao chini ya miguu ya ngazi, narekebisha urefu, kisha napima tena ndani, juu ya godoro. Kipimo cha kwenye dashibodi hakikuambii habari za godoro.

Na masika, turubai la pembeni lishushwe kona moja maji yapate njia.

Mbeba Nyumba, Colorado
Salamu kutoka Marekani. Huku nina kijumba kamili mgongoni mwa pikapu, na kwangu levo si ya usingizi tu. Friji yangu ni ya gesi, haina kompresa (pampu ya umeme). Amonia, kemikali yake ya kupoza, inazunguka kwa joto na kwa mvutano wa ardhi, kwa hiyo ikiinama kupita kiasi kwa muda mrefu kimiminika kinatuama, bomba linachemka pakavu na kuharibika. Wenye friji ya kompresa hamna shida hiyo.

Halafu zile jeki nne za kona ni za kupandisha na kushusha kijumba. Msizitumie kuinua pikapu nzima, miguu yake haikuundwa kubeba uzito huo, hasa kwenye mteremko. Huku tunapandisha matairi kwenye kabari za plastiki, basi.

Mpanda Mlima
Mama Safari, hilo la ngazi nalichukua leo leo. Kuna aliyeniambia nipunguze upepo matairi ya upande wa juu ili gari lishuke. Mnasemaje?

Dereva wa Karatu
Hapana mkuu. Utapata sentimita chache tu, asubuhi unaanza kujaza upepo huku wenzako wanatazama simba. Chukua mbao.