Naomba ushauri: kujengea kaburi la mama Tukuyu

Shikamooni wakubwa. Mama yetu, bibi wa wajukuu 14, tulimzika Tukuyu, wilayani Rungwe, mwaka jana. Alitusomesha kwa ndizi na maziwa: alfajiri anashuka na ndoo hadi barabara ya Kyela, iwe mvua, iwe ukungu. Sasa kaka aliyeko Dar anataka kaburi la vigae na picha kubwa. Mimi naona kwa mvua za Rungwe, na udongo haujashuka vizuri, litapasuka tu. (Mama mwenyewe vigae alivilaumu kwamba vinateleza!) Mama mdogo anataka kwanza tuandike simulizi zake, maana wajukuu wa mjini hata "ugonile", salamu yetu ya Kinyakyusa, hawaitikii. Mliojengea huku, mlisubiri muda gani? Na wazee mlianza kuwauliza nini?