Alamisho kwenye PDF ndefu: Word, Acrobat, JPdfBookmarks au pdftk?

Mpekuzi_Kurasa
Wakuu, habari za jioni. Nina ripoti ya kurasa 412. Kurasa 190 za mwanzo nimeziandika mwenyewe kwa Word, zilizobaki ni viambatisho vya skana: mihtasari ya vikao, barua, ramani. Bosi anaisoma kwenye kompyuta na analalamika kila akitafuta kiambatisho. Nataka alamisho, yaani orodha ya sura itokee pembeni, abofye afike. Mnatumia nini? Acrobat ya kulipia sina.

Dada_Mhariri
Hizo 190 usiweke alamisho kwa mkono hata moja. Swali: sura umezipa mtindo wa Heading 1, au umekoleza tu na kukuza herufi? Kama umekoleza, Word haijui kwamba hicho ni kichwa. Rekebisha kwanza, kisha Save As, chagua PDF, ingia Options, weka tiki kwenye Create bookmarks using, halafu Headings. Na usipitie Print! Microsoft Print to PDF inatoa kurasa peke yake, bila alamisho.

Kibodi_Kuukuu
Naunga mkono. LibreOffice nayo inafanya hivyo hivyo, bure, kwenye Export as PDF. Ila usichanganye na ile Bookmark iliyo kwenye menyu ya Insert ya Word. Ile ni alama ya ndani ya waraka, hata nafasi kwenye jina haikubali.

Fundi_Skrini_Nyeusi
Viambatisho ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni pdftk tu, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Unaandika faili la maandishi, kila alamisho mistari minne:

BookmarkBegin
BookmarkTitle: Kiambatisho A
BookmarkLevel: 1
BookmarkPageNumber: 191

Kisha:
pdftk ripoti.pdf update_info_utf8 alama.txt output mpya.pdf

Level 2 inaingia chini ya Level 1. Ripoti ikibadilika, unarekebisha namba tu na kurudia amri.

Mama_Majalada
Fundi, si kila mtu ana moyo wa hiyo skrini yako 😄. Mimi kazini nina Acrobat Pro: unachagua maneno ya kichwa, unabonyeza Ctrl+B, alamisho inajiita kwa maneno hayo hayo. Raha tupu. Lakini kwa kurasa za skana ambazo hazijapitishwa OCR (kutambua maandishi ndani ya picha) hakuna maneno ya kuchagua, ni picha, kwa hiyo jina utaliandika mwenyewe. Hapo sioni sababu ya kulipia. Mpekuzi, chukua JPdfBookmarks. Ni ya bure, inataka Java, sura yake ya kizamani, lakini unaona ukurasa huku unaandika jina. Unganisha mafaili kwanza, alamisho ziwe za mwisho.

Msomaji_wa_Usiku
Kwani programu ya kusomea haitoshi? Mimi naweka alama humo humo kwenye Okular.

Kibodi_Kuukuu
Hizo zinakaa kwenye kompyuta yako, si ndani ya faili. Ukimtumia mwenzio, haoni kitu.

Msomaji_wa_Usiku
Kumbe! Ndiyo maana mwaka mzima naambiwa "sioni kitu".

Mpekuzi_Kurasa
Mrejesho: Heading nimezirekebisha kwa jioni moja, sura zote zimetokea. Viambatisho nimevifanya kwa pdftk, vyote vikaangukia pabaya! Kiambatisho A kinanipeleka katikati ya marejeo.

Mama_Majalada
Kurasa za mwanzo umezipa i, ii, iii?

Mpekuzi_Kurasa
Ndiyo, mpaka xii. Sikuzihesabu kwenye zile 190.

Mama_Majalada
Basi ongeza 12 kwa kila namba. pdftk inahesabu kuanzia jalada, haisomi namba uliyoichapa chini ya ukurasa.

Fundi_Skrini_Nyeusi
Kosa langu, niliandika 191 kwa mazoea. Weka 203.

Mpekuzi_Kurasa
Imekaa sawa. Bosi kaifungua kwa Firefox, orodha ameiona pembeni. Sasa anataka na ya mwaka jana.