Msimu wa UEFA 2018/19: Spurs walipitaje kwa 4-4 na 3-3 bila dakika 30 za nyongeza?

Kijana wa Kona

Wakuu habari zenu. Mimi mpira nimeanza kuufuatilia kwa makini miaka hii ya karibuni, kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wa kurudi nyuma msimu mmoja mmoja wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, naangalia mechi ili nijue yaliyotokea kabla sijaja. Sasa nimefika 2018/19 nimekwama.

Robo fainali Tottenham (ndo Spurs) kamfunga Man City 1-0, marudiano City kashinda 4-3. Jumla 4-4. Nikasubiri dakika 30 za nyongeza, hakuna, refa kapuliza na Spurs wanakumbatiana. Nusu fainali Ajax kaenda London kashinda 1-0, wakarudiana Amsterdam Spurs kashinda 3-2, jumla 3-3, tena Spurs huyo kaenda fainali. Nikarudi 16 bora nakuta PSG na Man United nao 3-3, United kapita. Nimeuliza watu nikaambiwa zamani goli la ugenini lilikuwa linahesabiwa mawili, nikapiga hesabu nikachanganyikiwa zaidi.

Na swali la pili, Liverpool walistahili kweli lile kombe? Manake kwenye makundi naona walifungwa mechi zote 3 za ugenini, Napoli, Belgrade na Paris. Bingwa anapigwaje hivyo?

Refa Mstaafu

Karibu mkuu, umechagua msimu mzuri wa kukwama.

Aliyekwambia linahesabiwa mawili kakupoteza, ila usimlaumu, kosa hilo lilikuwa kwa watu wengi sana. Goli lilikuwa goli, moja ni moja. Mnajumlisha mechi mbili, mwenye mengi anapita, basi. Ni pale tu jumla inapolingana ndo mnaangalia nani kafunga mengi kwenye uwanja wa mwenzake. Chukua mfano, umeshinda 3-1 kwako, ukaenda kwao ukafungwa 1-0. Umepita 3-2 na hakuna wa kukuuliza. Sasa ukihesabu la ugenini mara mbili utakuta mko 3-3, umejinyima mwenyewe ushindi uliokuwa wako!

Turudi kwa Spurs. Kwa City walifunga 3, City alipokuja London hakufunga hata moja, na kumbuka Aguero alikosa penati siku ile, Lloris akaiokoa. Kwa hiyo 4-4, la ugenini 3 kwa 0. Amsterdam Spurs walifunga 3, Ajax London alifunga 1 la Van de Beek. United alifunga 3 Paris, PSG alifunga 2 Old Trafford. Hesabu zote tatu zimeisha.

Ila kuna mechi moja nataka uiangalie, Porto na Roma, 16 bora hiyohiyo. Roma kwake 2-1, Porto kwake dakika 90 zimeisha 2-1. Kila mmoja ana goli moja la ugenini, hapo sheria haina la kusema ndo wakaenda nyongeza, Alex Telles akafunga penati dakika ya 117 baada ya VAR, yaani marefa wa video. Ilikuwa usiku uleule wa PSG na United, tarehe 6 Machi, kwa hiyo watu wengi iliwapita.

Sheria yenyewe UEFA waliianza 1965, wakaifuta kuanzia msimu wa 2021/22. Ndo maana wewe hujaikuta.

Jogoo wa London

Mkuu Refa umeeleza vizuri ila umesahau kwamba sisi Spurs hiyo sheria ilitubeba mara TATU msimu ule sio mbili. Rudi kwenye makundi. Baada ya mechi tatu tulikuwa na pointi 1, moja tu, kila mtu ameshatuzika. Tukamfunga PSV, tukamfunga Inter 1-0 Wembley, mechi ya mwisho tukaenda Camp Nou kwa Barcelona tunahitaji matokeo, Lucas Moura akasawazisha dakika ya 85 ikaisha 1-1, na Inter kule kwake katoka sare na PSV. Sisi na Inter wote pointi 8. Wakaangalia tulipokutana wenyewe kwa wenyewe, Inter kashinda 2-1 kwake sisi 1-0 kwetu, jumla 2-2, na goli la Eriksen la kule San Siro ndo likatupitisha. Goli ambalo siku ile tulipofungwa tuliona halikutusaidia kitu.

Na timu ile haikusajili mtu. Dirisha la kiangazi hakuna, Januari hakuna. Kane kaumia mechi ya kwanza na City akakosa marudiano na nusu fainali zote mbili.

Sasa marudiano na City kama hujaiangalia yote kaa uiangalie yote sio mukhtasari. Dakika 11 za kwanza magoli manne! Sterling, Son, Son, Bernardo Silva, halafu Sterling tena dakika ya 21, moyo haujakaa sawa ubao unasoma 3-2. Aguero kafanya 4-2, hapo tumetoka. Dakika ya 73 Llorente mpira umemgonga nyonga ukaingia, refa Çakır kaenda kuangalia kwenye skrini kama umegusa mkono, kakubali. Na dakika za nyongeza Sterling kafunga, Guardiola anakimbia anaruka, uwanja mzima umelipuka, mimi nimeshakaa chini nimefunika uso. VAR wakasema Aguero alikuwa ameotea. Sijawahi kutoka kwenye msiba kuingia kwenye harusi kwa haraka namna ile.

Ndo msimu wa kwanza VAR kutumika Ligi ya Mabingwa, walianza nayo kwenye 16 bora. Mwaka mmoja nyuma City wangekuwa nusu fainali.

Amsterdam sitaki hata kuandika sana. Mapumziko tuko nyuma 2-0, jumla 3-0. Pochettino akamtoa Wanyama akamuingiza Llorente, mipira mirefu ikaanza, beki ya Ajax ikapoteza utulivu. Moura dakika ya 55, ya 59, halafu Vertonghen kapiga kichwa kimegonga mwamba, unasema basi leo haipo. Dakika ya 90+6 Dele kagusa, Moura kaingiza. Pochettino alilia uwanjani mbele ya kamera zote wala hakujificha.

Ajax Damu

Hongereni lakini niruhusu niseme upande wangu maana kila mwaka hii mechi inasimuliwa kana kwamba Ajax walikuwa pale kupamba jukwaa.

Ajax walianza ule msimu mwezi Julai, raundi ya pili ya mchujo, na Sturm Graz, halafu Standard Liège, halafu Dynamo Kyiv, ndo wakaingia makundi. Nahodha De Ligt ana miaka 19. Kipa Onana, kulia Mazraoui, Ziyech, De Jong katikati, Tadic mbele. Wakafungwa na Real Madrid 2-1 nyumbani, Madrid mabingwa mara tatu mfululizo, Ramos akajitafutia kadi ya njano makusudi ili mechi ya pili apumzike awe msafi robo fainali, alikuwa na uhakika hivyo. Ajax wakaenda Bernabéu wakapiga 4-1. Nne! Kisha Juventus, Ronaldo kafunga kote kuwili, na bado Ajax kashinda 2-1 Turin. Katika hizo mechi hawakuhitaji goli la ugenini hata mara moja, walipita kwa jumla 5-3 na 3-2. Hawakupaki basi popote.

Halafu unakuja kutolewa kwa 3-3. Mechi mbili, dakika 180 na ushee, mmelingana. Timu mbili zimelingana wapeni dakika 30 zicheze! Mimi siku sheria inafutwa 2021 nilifurahi na nikaumia hapohapo, kwa sababu ilifutwa miaka miwili baadaye. Na Ziyech aligonga mwamba kipindi cha pili ubao ukiwa 2-2, ule mpira ukiingia hatuzungumzi haya. Timu yenyewe ikavunjwa kiangazi kilekile, De Jong Barcelona, De Ligt Juventus. Walibeba ligi na kombe la Uholanzi lakini kile kizazi hakikurudi tena pamoja.

Refa Mstaafu

Ajax Damu nakuelewa kabisa, na hoja ya UEFA walipoifuta ilikaribia hiyo yako. Walisema inamfanya mwenyeji aogope kushambulia kwa kuhofia kufungwa kwake, na kwenye dakika za nyongeza haikuwa haki kwa sababu mgeni alikuwa na nusu saa zaidi ya kutafuta goli la ugenini ambayo mwenzake hakuipata. Ile Porto na Roma, Roma angepata goli moja kwenye nyongeza Porto angehitaji mawili.

Ila mimi bado naamini msimu ule usingekuwa vile bila hiyo sheria. Kila goli lilikuwa linabadilisha hesabu nzima. Goli la Moura la 90+6 leo lingekuwa la kusawazisha jumla, watu wangekaa kunywa maji wasubiri nyongeza. Siku ile lilikuwa linaua.

Mwekundu wa Anfield

Ngoja nijibu swali la pili la kijana maana mmelisahau.

Kufungwa mechi tatu za ugenini ni kweli na inauma. Tulilingana na Napoli pointi 9, tulipokutana kila mmoja kashinda 1-0, tofauti ya magoli wote +2, tukapita kwa sababu tulifunga 9 wao 7. Na kwenye mechi ya mwisho Anfield, dakika za mwisho kabisa, Milik alibaki peke yake na Alisson hatua chache tu. Alisson akatoka akajitanua akauzuia. Huo mpira ukiingia sisi ni Europa League, lile kombe dogo la Ulaya. Na Alisson yule tulimnunua kwa sababu ya fainali ya Kyiv 2018, mnajua makosa yaliyomkuta kipa wetu Karius. Kwangu kombe la 2019 lilianzia kwenye ule usajili.

Kama tulistahili? Tulienda Munich tukashinda 3-1, Mané alimgeuza Neuer na mpira kama mtoto. Porto tukampiga jumla 6-1. Halafu Camp Nou tukapigwa 3-0, Messi ile frikiki goli lake la 600 Barcelona. Na hapo ndo nataka kijana aone sheria ya ugenini ilivyokuwa inafanya kazi hata ikiwa haijatumika. Sisi hatukupata goli Camp Nou, Salah aligonga mwamba. Maana yake kwetu tunatakiwa 4 na tusifungwe hata moja, wakifunga moja tunatakiwa tano. Salah hayupo, Firmino hayupo. Robertson kaumia kipindi cha kwanza, Wijnaldum kaingia toka benchi akafunga mawili ndani ya dakika mbili. Alisson aliokoa ya Messi, ya Coutinho, ya Alba, na kila anapookoa unajua hapo kaokoa zaidi ya goli moja. Halafu ile kona ya Trent dakika ya 79, kajifanya anaondoka, kageuka kapiga, Barcelona nzima wamegeuza migongo na Origi peke yake ndo yuko macho. Origi msimu ule wa UEFA ana magoli matatu tu, mawili siku ile na moja la fainali. Baba yake Mike Okoth alichezea Harambee Stars, kwa hiyo kwenye fainali yetu na Spurs damu ya Kenya ilikuwa kila upande, Origi kwetu Wanyama kwao.

Fainali yenyewe Madrid haikuwa nzuri nakiri. Penati dakika ya 2 Sissoko kaushika, Salah kafunga, baada ya hapo mechi ikalala. Ligi ilikuwa imeisha wiki tatu nyuma na miili ilikuwa mizito. Ila kocha wetu Klopp alishapoteza fainali mbili za kombe hili, 2013 na 2018, na ligi tumekosa na pointi 97 kwa sababu City ana 98. Sikuhitaji mechi nzuri.

Jogoo wa London

Ile penati mpaka leo sijaimeza, na Moura kuanzia benchi baada ya alichofanya Amsterdam vilevile. Kane alikuwa hajapona vizuri.

Kijana wa Kona

Wakuu asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Baada ya kusoma ya Mwekundu nimerudi kuangalia dakika za mwisho za Camp Nou, ile ya 3-0. Messi anampa Dembélé, yuko peke yake, anapiga kidogo tu Alisson anaudaka, na Messi anaanguka chini kabisa. Mara ya kwanza nilipoiona sikuelewa kwanini mtu anayeongoza 3-0 anaumia vile. Sasa hivi nimeirudia mara tatu.

Porto na Roma naiangalia leo usiku.