Naomba ushauri: kubandika bati la Hiace kwa gundi badala ya kuchomelea

Ndugu zangu mafundi na wenye uzoefu, habari za kazi. Ninayo Toyota Hiace ya zamani hapa Moshi, ambayo injini yake bado ni nzima, lakini kutu imekula bati la ubavuni juu ya tairi la nyuma, kiasi kwamba nikibonyeza rangi iliyovimba, kidole kinapenya na unga mwekundu unamwagika. Mwaka juzi fundi alinichomelea kiraka mahali hapohapo. Moto ukaunguza rangi ya upande wa ndani, ambako brashi haifiki, na kutu ikarudi kandokando ya mshono. Ndiyo maana safari hii nafikiria gundi ya epoksi ya kuchanganya, mabati yakipishana sentimita 2 hivi na kushikwa kwa riveti hadi gundi ikauke. Chesisi na nguzo za milango sitazigusa kwa gundi, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba uzito. Je, praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ipakwe kwanza, au gundi ishike chuma kitupu kilichosuguliwa kwa msasa? Na kwa mitikisiko ya barabara zetu za vumbi, puti (lipu ya kusawazisha bati kabla ya rangi) iliyo juu ya mshono kama huo haipasuki? Aliyewahi kufanya kazi hii anieleze, tafadhali. Gari hili ndilo linalosomesha watoto wangu.