Dodoma hadi Dar kumsikia Lady Jaydee: treni, basi, ndege au Noah? Tupo sita

Nyamizi_Dom (mwanzisha mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana kwenye kundi letu la WhatsApp tumebishana wiki nzima hatujafika popote.

Tupo wanawake sita, tulisoma pamoja sekondari ya bweni. Wimbo wa Machozi wa Lady Jaydee, yaani Jide, ulitukuta tukiwa wadogo, bweni zima lina redio moja tu, ya matroni, naye Jumamosi jioni alikuwa akiiweka dirishani ili tusikie sote. Albamu ya Binti ilipotoka 2003 tulikuwa kidato cha nne, mashairi yake tukayaandika nyuma ya madaftari ya Jiografia. Aliyekuwa shule miaka ile anajua ninachosema.

Katika sisi sita hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Jide akiimba na bendi mbele ya macho yake. Kila tangazo likitoka linatukuta zimebaki siku tatu: huyu hana ruhusa kazini, yule hana nauli, wa tatu mtoto anaumwa, inaishia hapo. Safari hii tumeamua kujiandaa kabla tangazo halijatoka. Tunachanga kila mwezi, na tunataka tuwe tumeshajua tutaondokaje. Likitangazwa onyesho la Dar, siku hiyohiyo tunakata tiketi.

Wawili wanataka ndege. Mmoja ana goti bovu, kukaa kiti kimoja saa nane ni mateso kwake. Lakini kuna mwenzetu mwingine anauza mboga soko la Majengo, anachopata leo ndicho anachokula leo. Huyo ndiye aliyekuwa akituimbisha bwenini, ana sauti kuliko sisi wote, na sitaki abaki.

Mwaka jana tulikwenda harusi Dar, watatu kwa ndege, watatu kwa basi. Wa ndege walifika mapema, wakaoga, wakapumzika, wakapiga picha na bibi harusi. Sisi wa basi tuliingia ukumbini keki imeshakatwa. Hatukugombana, ila tangu siku ile kuna picha tunazoziangalia tukiwa watatu watatu, na inaniuma.

Waliosafiri, nielezeni.

MzeewaBehewa

Dada Nyamizi, treni. Hapo sina wasiwasi.

Nimeipanda hii ya SGR, ile reli mpya ya umeme, tangu ilipoanza kubeba abiria mpaka Dodoma, Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 62,000, na nyote sita 372,000. Hakikisheni bei wakati wa kukata, lakini pigeni mahesabu yenu hapo. Mwendo ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Mwenye goti anaweza kuinuka, akatembea kwenye behewa, akaenda msalani bila kumwomba dereva asimame. Kwenye basi hana nafasi hiyo.

Mkipata safari ya mchana, kaeni dirishani mkikaribia Kilosa. Mnaingia kwenye mahandaki, giza linawafunika ghafla, mkitoka mnaiona milima na bonde la mto. Mke wangu kila tukipita hapo hunishika mkono, na ni mtu wa kusafiri.

Mambo mawili. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, si ile ya zamani ya katikati ya mji, kwa hiyo wekeni fedha ya bajaji. Pili, tiketi ina jina la abiria, na kitambulisho kinaangaliwa. Msikate kwa jina la mtu mmoja mkidhani mtagawana mlangoni. Na wikiendi viti vinakwisha mapema, hasa Bunge likiwa linaendelea.

Salome_K

Mimi ni wa ndege, nisemee upande wangu. Kama saa moja mko Dar, hilo halina ubishi. Lakini bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia, na nyie mnataka kukata tangazo likitoka, yaani mtakata karibu na siku yenyewe. Kwa watu sita itawaumiza. Kwa mwenye goti kuna ngazi za kupanda ndege pia, msisahau. Ningekuwa na rafiki wa kuuza mboga nisingependekeza ndege hata kama wengine mnaimudu.

Kinondoni_Kwetu

Karibuni Dar. Nawapa ya huku, maana wengi wa mikoani hupanga nauli tu wakasahau usiku wenyewe.

Shoo za bendi hapa msitegemee msanii mkubwa apande jukwaani saa 2 usiku hata tangazo likisema hivyo. Wanatangulia wengine, yeye anaweza kuja saa 4 au saa 5, mnatoka saa 8 hadi 9 za usiku. Kwa hiyo msikate treni ya kurudi ya alfajiri. Kateni ya mchana au jioni. Na siku ya kuja msije na safari ya jioni, treni ikichelewa kidogo au foleni ikiwashika mnaingia bendi inafunga vyombo.

Halafu hili limewapoteza wengi: Dar kuna Magufuli mbili. Stesheni ya SGR inaitwa Stesheni ya John Magufuli, iko mjini kabisa, jirani na Kariakoo. Stendi ya mabasi nayo ni ya Magufuli, iko Mbezi Luis, nje ya mji, njia ya Morogoro. Ukimwambia mwenyeji wako "nimefika Magufuli" atakuuliza ipi. Shemeji yangu alikaa saa mbili Mbezi Luis akimsubiri mtu aliyekuwa amekaa Kariakoo.

Malazi, subirini kwanza mjue ukumbi. Ukiwa Mlimani City, laleni Sinza au Mwenge. Ukiwa Leaders Club pale Kinondoni, Kijitonyama inatosha. Msilale Kariakoo kwa sababu tu treni inawashushia hapo. Usiku wa manane mkitoka na viatu mkononi mtataka kitanda kilicho karibu.

DerevawaGairo

Nimesoma nikaona Noah haijapata wa kuisemea. Naendesha abiria wa kukodi barabara hii ya Dodoma na Dar, na biashara naitaka, lakini niseme kweli.

Uzuri wa Noah ni kwamba mnachukuliwa kila mmoja mlangoni kwake, mnasimama mnapotaka, mnanunua vitunguu njiani, mnaimba mpaka mnafika. Akina mama niliowapeleka kwenye sherehe wengi huniambia njia ndiyo waliyoipenda zaidi. Mwenye goti anakaa mbele, anasukuma kiti nyuma.

Ubaya ni huu. Sita na dereva ni saba, na mabegi ya wanawake sita wanaokwenda shoo hayaingii nyuma ya Noah viti vyote vikiwa vimekaliwa. Mtayapakata. Barabara ni kama kilomita 450, na kuanzia Chalinze mpaka Kibaha malori ni mengi, unaweza kupoteza saa moja na zaidi bila kuona ajali yoyote. Dereva naye mnamlipia chakula na kulala.

Na hapa naomba mnisikilize: msimruhusu dereva yeyote aondoke nanyi usiku uleule mkitoka ukumbini. Nyie mtalala wote, gari zima limenyamaza, yeye peke yake macho. Nimeshawahi kuombwa, nikakataa, wakakasirika, na bado ningekataa leo.

MamaPendo_Moro

Jamani basi nalo lina heshima yake. Nauli huwa chini au inakaribiana na treni kutegemea daraja, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo mkikosa viti vya treni hamjakwama. Stendi ya Nzuguni hukosi gari la Dar.

Ila kwa shoo ningelifanya la akiba, sio la kwanza. Foleni ya kuanzia Kibaha mpaka Mbezi inaweza kukumaliza nguvu uliyoitunza mwezi mzima. Halafu ukishuka Mbezi Luis bado unaanza safari nyingine ya kuingia mjini.

Ngosha_Mza

Samahani kwa kuuliza, kwa nini msisubiri aje Dodoma? Sisi wa Mwanza hatuna hiyo SGR bado, tukitaka kwenda Dar ni ndege au basi la kutwa na usiku. Tumejifunza kusubiri, wasanii huja wenyewe.

Shufaa_Unguja

Kaka Ngosha, wasisubiri. Nakuambia kwa uchungu.

Mimi wimbo wangu ni Mimi ni Mimi, ule alioimba na Oliver Mtukudzi wa Zimbabwe. Niliapa siku wakiwa jukwaa moja nitauza hata hereni nikawaone. Nikasubiri. Mtukudzi akafariki Januari 2019. Jide bado yupo na sauti yake ipo, alhamdulillahi, lakini ule wimbo kama ulivyorekodiwa sitausikia ukumbini maisha yangu yote.

Na wanamuziki wa enzi zile hawapigi kila wiki. Jide tulimjua kwanza kwa utangazaji wa redio kabla hajawa mwanamuziki, ameimba zaidi ya miaka ishirini. Ana haki ya kupumzika anapotaka. Mwenye nafasi aende.

Mimi nilivuka na boti na wifi zangu wawili kwenda kumsikia. Jambo ambalo hatukulipanga ni tiketi ya ndani. Wifi mmoja alinunua ya mezani kwa sababu ya shughuli zake, sisi tukanunua ya kawaida tukasimama. Ilipofika zamu ya wimbo wa Siku Hazigandi ukumbi mzima uliimba, mimi machozi yananitoka, nageuka kumshika mkono namkosa, yuko kule nyuma amekaa na watu asiowajua. Alipiga makofi peke yake. Dada Nyamizi, nauli mtaelewana. Zungumzeni la ndani ya ukumbi.

Nyamizi_Dom

Shufaa, umenigusa palepale. Hatukuwa tumelifikiria kabisa. Waliokwenda hizi shoo: meza ya watu sita inafaa, au tusimame mbele? Mwenye goti hawezi kusimama saa tano.

Kinondoni_Kwetu

Meza nyingi zinauzwa nzima, mara nyingi za watu 8 au 10, na bei yake inajumlisha vinywaji ambavyo pengine hamvitaki. Kwa sita mtalipia viti vya watu wasiokuwepo, au mtawekwa na wageni. Kwenye viwanja vya wazi kama Leaders mara nyingi tiketi ya kawaida ina viti vya plastiki ukiwahi. Milango ikifunguliwa mwe wa kwanza, shikeni viti sita pembeni ya jukwaa, sio katikati, kwa sababu katikati watu wakisimama mbele yenu hamuoni kitu. Bendi ikipanda, watano simameni hapohapo mlipo, na mwenye goti akae au asimame anavyoweza, yuko katikati yenu.

MzeewaBehewa

Na mkiwa na wa mboga, msimfiche gharama. Mwambieni jumla yote siku ya kwanza. Watu wenye kipato kidogo hawakatai safari kwa sababu ya nauli, wanakatishwa na michango inayoibuka njiani: mara teksi, mara chipsi kuku, mara sare. Ukiona mtu amesema "nyie nendeni tu", mara nyingi amehesabu hayo.

Salome_K

Naunga mkono. Sare acheni kabisa. Vaeni mlichonacho.

Nyamizi_Dom

Jana usiku niliwasomea wenzangu majibu yenu kwa sauti. Tumekubaliana hivi.

Treni, daraja la kawaida, wote behewa moja, hata wale wawili wa ndege. Tunaondoka siku moja kabla ya onyesho na kurudi mchana wa siku ya pili yake. Treni ikijaa tunapanda basi la mchana, sote. Noah hapana, japo ndugu yetu wa Gairo ametuheshimu sana kwa alichosema. Vyumba vitatu, wawili wawili. Tiketi za ukumbini za kawaida kwa wote, tunawahi viti.

Tumepiga hesabu na kila kitu, bajaji, kulala, kula, kiingilio: tumeweka 200,000 kwa mtu. Kwa miezi kumi ni 20,000 kwa mwezi. Tangazo likiwahi, wenye mishahara tutatanguliza na wengine watarudisha taratibu, bila riba na bila kukumbushana mbele za watu.

Leo asubuhi nilipita Majengo kumweleza yule wetu wa mboga ana kwa ana. Nilimtajia jumla yote kama Mzee wa Behewa alivyosema. Alinyamaza, akaendelea kufunga mafungu ya mchicha, akafunga matatu hivi, kisha akaniuliza, "Hiyo elfu ishirini kwa siku ni ngapi?" Nikamwambia haifiki mia saba. Akafungua kibindo, akanihesabia 2,100. "Hizo za siku tatu. Ijumaa pita tena." Nikiondoka nikamsikia nyuma yangu anaanza kuimba, kwa sauti ileile ya bwenini, na mteja wake amesimama na kikapu anamsubiri amalize.