Mjadala: Mtu wa masoko ya mtandaoni afundishwe HTML, au tumwachie fundi?

Kitasa (mleta mada): Wakuu, salaam. Nafundisha masoko ya kidijitali hapa Dar, kozi ya miezi mitatu. Safari hii nimeweka wiki tatu za misingi ya tovuti: HTML kidogo (lugha ya kupanga ukurasa wa tovuti), CSS ya kubadili rangi na ukubwa wa maandishi, kuweka UTM kwenye linki (alama za kujua mteja katokea wapi), na kukagua kama pikseli ya Facebook, kile kifuatilia wageni wa tovuti, inasoma. Wanafunzi wawili wanataka warudishiwe ada yao. Wanadai walikuja kujifunza kuuza, si kodi za kompyuta. Nimekosea wapi?

Bi Mkora: Kodi tunalipa TRA na jasho linatutoka. Leo unataka tuisomee na darasani?

Ngalawa: Hujakosea, ndugu yangu. Nilimpata mteja hapa Mombasa, tovuti yake haionekani Google miezi minne. Kijana wake wa masoko kazi ni kuongeza pesa za matangazo tu. Nikaingia kwenye mipangilio ya WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, kumbe kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kilitiwa tiki siku tovuti inajengwa na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Tiki moja, wallahi.

Fundi Mstaafu: HTML si lugha ya programu. Tuliweke hilo sawa kwanza.

Kitasa: Sijasema ni lugha ya programu.

Fundi Mstaafu: Umeandika "kodi".

Kitasa: Wamesema wanafunzi, mzee.

Pweza wa Tanga: Mleta mada, wafanyabiashara wangapi unaowafundishia hao vijana wana tovuti? Duka liko WhatsApp, wateja wako Instagram. Wafundishe kwanza kupanga katalogi ya WhatsApp Business, hizo HTML zitakuja baadaye.

Fundi Mstaafu: Mimi nimejenga tovuti tangu intaneti inapigiwa simu ya mezani, modemu inalia kama paka. Mpe mtu wa masoko nywila, usiku huo huo unaamshwa. Mmoja alipandisha bango la megabaiti 9 ukurasa wa mbele, halafu anauliza kwa nini wateja wa bando la mia tano hawasubiri lifunguke. Nyie kazi yenu "bei njoo DM". Bakini huko huko.

Mama Vitenge: Ngoja kwanza. "Njoo DM" imekukosea nini baba? Nikiweka bei hadharani, jirani yangu wa Kariakoo anashusha mia tano kabla sijamaliza chai. Wewe utanilipia pango?

Bi Mkora: Mama, tuseme ukweli. Juzi niliulizia bei ya kabati, nikajibiwa "upo wapi dear?" Nikasema Mbezi Beach. Bei niliyopewa ikanishtua, nikamwambia shoga yangu wa Tandale, uswahilini, aulize lile lile. Kabati lilipungua laki nzima!

Mama Vitenge: Labda ni usafiri.

Bi Mkora: Kabati liko Mbezi, mama.

Ngalawa: 😂😂 Hapo umemmaliza.

Mama Vitenge: Mimi siuzi makabati. Na wateja ninao, sihitaji kusomeshwa.

Kitasa: Sawa mama, lakini unajuaje tangazo lipi limekuletea mteja?

Mama Vitenge: Namuuliza: "umetuona wapi?"

Kitasa: Wanajibuje?

Mama Vitenge: "Mtandaoni."

Kitasa: Ndiyo maana nikaleta UTM. Linki ya kwenye wasifu wa Instagram unaipa alama yake, ya stetasi ya WhatsApp alama yake. Mtu akiingia kwenye tovuti, unaona katokea wapi.

Bi Mkora: UTM si kitu alichobuni Google?

Fundi Mstaafu: Hapana. Ile U ni Urchin, kampuni Google aliyoinunua 2005. Google Analytics, kile kipimo cha wageni wa tovuti, imezaliwa humo. Vijana mnatumia vitu hamjui baba yake.

Ngalawa: Na ile Analytics ya zamani si waliifunga? Niliamka chati zimelala.

Fundi Mstaafu: Julai 2023. Onyo lilitoka mwaka mzima kabla. Watu wa masoko hawasomi barua pepe.

Mama Vitenge: Huyu mzee ana jambo na watu wa masoko. Nani alikuacha?

Fundi Mstaafu: Sijaachwa na mtu. Naachwa na tovuti zikianguka.

Pweza wa Tanga: Swali langu la tovuti bado halijajibiwa.

Bi Mkora: Fundi, hilo la kuachwa umelijibu haraka mno.

Kitasa: Jamani, ada niwarudishie hawa vijana au nisiwarudishie?

Mama Vitenge: Ada yenyewe shilingi ngapi?

Kitasa: Njoo DM.