Jamani wanafunzi, "Chanzo: Google" ndiyo nini?

Wakuu, nasahihisha asaimenti za historia ya sanaa na nimefika mahali nimeweka kalamu chini. Ngoja niyaseme humu nisije nikamjibu mtu vibaya darasani.

Swali lilikuwa jepesi: chagua kazi moja, weka picha yake, ichambue. Basi. Mmoja kachagua Yowe, mchoro wa Mnorwei Edvard Munch. Kurasa nne nzima anasifia "rangi ya mafuta iliyopakwa kwa nguvu kwenye turubai", na picha aliyobandika ni ile ya pasteli (rangi kavu za vijiti, kama chaki) ya 1895! Munch alilitengeneza Yowe zaidi ya mara moja: mbili za 1893, hiyo ya 1895, na ya tempera (rangi ya unga iliyochanganywa na kiungo kama yai) aliyoifanya miaka mingi baadaye. Zote kwenye kadibodi, turubai halimo kabisa. Na kuzitofautisha wala hakuhitaji elimu kubwa. Watazame wale watu wawili wa nyuma. Kwenye ya 1895 mmoja kaegemea ukingo anaangalia chini. Kwenye ile maarufu iliyoko Oslo wote wawili wamesimama. Nikashuka chini ya picha nione kaitoa wapi: "Chanzo: Google."

Google imekuonyesha njia tu. Ni sawa na kuandika kwamba chanzo cha kitabu ni mlango wa maktaba.

Nikaendelea. Mwingine kaleta Wimbi Kuu la Hokusai, msanii wa Japani, eti "mchoro mkubwa unaommeza mtazamaji". Ile ni chapa ya ubao wa mbao (picha inachongwa kwenye ubao, inapakwa wino, inagandamizwa kwenye karatasi), upana wake kama sentimita 37, unaishika mkononi! Tena zipo nakala nyingi kwenye makumbusho tofauti, na wino na rangi havifanani nakala hadi nakala, kwa hiyo usipotaja ni nakala ya makumbusho gani, uchambuzi wako wa rangi unaning'inia hewani. Lakini kwenye simu kila kitu kina ukubwa wa kiganja, basi mtu anajitungia vipimo.

Aliyenimaliza ni wa Lindo la Usiku, mchoro wa Mholanzi Rembrandt. Kachambua kwa kujiamini watu wa ukingo wa kushoto kabisa. Turubai lile lilikatwa pembeni mwaka 1715 ili litoshee ukutani, na sehemu zilizokatwa hazijaonekana tena. Mwaka 2021 Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam yenye mchoro huo, walizitengeneza upya kwa akili mnemba, wakifuata nakala ya zamani, wakazionyesha kando ya mchoro. Picha za toleo hilo zimezagaa mtandaoni, mara nyingi bila maelezo. Kwa hiyo kijana kaandika aya mbili kuhusu "mkono wa Rembrandt" kwenye kipande kilichotengenezwa na kompyuta!

Siwalaumu wao peke yao. Hii mitandao ya kubandika picha inavua kila kitu: jina la msanii, mwaka, vipimo, mahali kazi ilipo. Inabaki picha uchi, imekatwa pembeni, imekolezwa rangi mpaka anga inang'aa. Na nyie wahadhiri wenzangu mnaoandika "weka picha tano" mkaishia hapo, mnategemea nini? Hamjamwambia mtu picha nzuri ya kufanyia kazi ikoje, halafu mnakata alama.

Ila uvivu nao upo. Mwaka 2017 makumbusho ya Metropolitan ya New York ilifungulia zaidi ya picha 375,000 za kazi zilizotoka kwenye haki miliki. Unapakua bure, unatumia utakavyo. Rijksmuseum nao wanatoa zao bure, unakuza mpaka unaona mipasuko ya rangi. Kila picha ina namba ya usajili, malighafi, vipimo na mwaka, unanakili tu. Umeokota picha hujui ya nani? Iingize TinEye (tovuti ya kutafuta picha ilipotoka) au utafute kwa picha, fuata mpaka ufike kwa makumbusho inayoimiliki. Vipimo vikigongana, amini vya mwenye kazi, siyo vya blogu ya mapambo ya sebule.

Badala yake naletewa picha ya pikseli 300, ukiikuza vinatokea vijisanduku, na chini yake mtu anazungumzia "ulaini wa brashi". Brashi ipi uliyoiona?

Na yule aliyeandika "Chanzo: simu yangu", sehemu ya picha nimempa sifuri. Kama anataka kukata rufaa aje ofisini, nipo.